Power BI na Kanzidata ya Ofisini: Muunganisho Unakatikia Wapi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za data, lakini hatugusi grafu wala rangi zake. Tunaangalia jambo moja tu: inavyoungana na kanzidata, na inavyoitunza miunganisho hiyo baada ya siku ya kwanza. Kwa ofisi nyingi hapa Mwanza, iwe kiwanda cha kuchakata samaki, kiwanda cha kuchambua pamba au SACCOS, hapo ndipo ripoti zinapokwama. Bosi anafungua ripoti Jumatatu asubuhi, anakuta namba za Alhamisi.

Mfano wetu ni huu. Kuna seva ya PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata, kwenye chumba cha TEHAMA cha kiwanda. Kanzidata inaitwa ghala, na ndani yake kuna jedwali la mapokezi: tarehe na saa, mwalo samaki walikotoka, aina, kilo, bei. Mfumo wa mizani unaandika humo usiku na mchana. Sisi tunataka kusoma tu.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Nenda Get data, chagua PostgreSQL database, andika anwani ya seva na jina la kanzidata. Poti ikiwa ni ile ya kawaida, 5432, huna haja ya kuitaja. Ikiwa nyingine, iandike mwishoni mwa anwani, baada ya nukta pacha. Kiunganishi cha PostgreSQL kinakuja ndani ya programu tangu Desemba 2019, kwa hiyo husakinishi kitu. Wenye MySQL, programu nyingine ya kanzidata, mna kazi ya ziada: sakinisheni kwanza Connector/NET, programu ndogo ya kuiunganisha, na mjue kwamba kiunganishi chake ni cha Import, yaani data inanakiliwa kwenye ripoti. Hakuna kuuliza seva moja kwa moja.

Hapa wengi wanapata kosa la kwanza: programu inalalamika kwamba cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, si halali. Nenosiri halina tatizo. Power BI inajaribu kusimba mawasiliano, na cheti cha seva kimetengenezwa palepale ofisini, kompyuta yako haikitambui. Mkato unaoonyeshwa kila mahali ni kufungua Data source settings, Edit permissions, na kuondoa alama ya usimbaji. Kwa majaribio kwenye mtandao wa ndani, sawa. Kwa matumizi ya kila siku mwombe fundi akupe cheti hicho ukisakinishe kwenye orodha ya Windows ya mamlaka zinazoaminika, Trusted Root. Bei za manunuzi zisipite uchi kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Sasa tuingie kwenye dirisha lenyewe. Bonyeza File, Options and settings, kisha Data source settings. Juu kuna chaguo mbili: vyanzo vya faili hii, na ruhusa za kompyuta nzima. Hapa Power BI inastahili sifa. Nenosiri halikai kwenye faili la ripoti, linabaki kwenye kompyuta yako. Ukimtumia mwenzako faili la pbix, hapati nenosiri lako. Akitaka kusasisha, ataombwa la kwake. Lakini msichanganye mambo: ukitumia Import, data yenyewe imo ndani ya faili. Anayelipokea anaona kila kilo na kila bei.

Nenosiri likibadilishwa kwenye seva, usifute swali (query, agizo la kuvuta data) ukaanza upya. Chagua chanzo, Edit permissions, andika jipya. Likigoma, bonyeza Clear permissions, funga programu, fungua tena. Seva ikihamishwa, tumia Change source.

Njia bora kuliko Change source ni vigezo, yaani thamani unazozipa jina na kuzibadilisha mahali pamoja, na hapa naomba mtulie kidogo. Kwenye Power Query, dirisha la kuandalia data, fungua Manage parameters, tengeneza vigezo viwili vya maandishi: Seva na Kanzidata. Kisha kwenye mstari wa kwanza wa kila swali, badala ya anwani, weka PostgreSQL.Database(Seva, Kanzidata). Faida yake utaiona baada ya kuchapisha ripoti mtandaoni: vigezo unavibadilisha kwenye mipangilio bila kurudi Desktop, bila kupakia faili upya. Kwa mtandao wetu unaopanda na kushuka, kutopakia upya faili la megabaiti mia tatu ni nafuu ya kweli.

Twende kwenye idadi ya miunganisho, maana hapa ndipo mchambuzi anaweza kuisimamisha mizani bila kujua. PostgreSQL isipobadilishwa inakubali miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi mkuu. Power BI inaposasisha, haipangi foleni moja. Inafungua maswali kadhaa kwa pamoja, kila moja na muunganisho wake. Na ukiwa umefungua Power Query, inavuta vionjo vya data chinichini hata kwa majedwali usiyoyatazama. Wachambuzi wanne wakifanya hivyo asubuhi moja, juu ya mfumo wa mapokezi na wa mishahara, seva inajaa na kukataa miunganisho mipya. Karani wa mizani naye hawezi kuandika, na gari la samaki liko getini.

Dawa ni tatu. Nenda Options, Current file, Data load, ondoa alama kwenye Allow data preview to download in the background. Humohumo punguza upakiaji wa majedwali kwa pamoja. Ya tatu ndiyo kubwa, nayo iko upande wa seva: mtengenezee Power BI mtumiaji wake. Mwite msomaji. Mpe CONNECT kwenye kanzidata, USAGE kwenye skima, SELECT kwenye majedwali, basi. Kisha mwekee kikomo: ALTER ROLE msomaji CONNECTION LIMIT 15. Power BI ikizidisha, itakataliwa yenyewe, mizani itaendelea. Msisahau ALTER DEFAULT PRIVILEGES, iendeshwe na mtumiaji yuleyule anayeunda majedwali, la sivyo jedwali jipya la mwezi ujao msomaji hatalisoma. Tafadhalini, msiunganishe ripoti kwa mtumiaji anayeitwa postgres. Huyo anaweza kufuta kila kitu.

DirectQuery je? Hapo data inabaki kwenye seva, na kila kielelezo ukurasani kinatuma swali lake. Ukurasa wenye vielelezo 12 ni maswali 12 au zaidi kila mtu akibofya kichujio cha mwalo. Pia swali likirudisha zaidi ya safu mlalo milioni moja, linakataliwa. Kwa jedwali la mapokezi, maoni yangu ni Import. DirectQuery iacheni kwa anayehitaji kuona namba za dakika hii, na aweke kitufe cha Apply kwenye vichujio ili maswali yatoke mara moja, baada ya kuchagua vyote.

Sasa lango, On-premises data gateway. Ripoti ikishakuwa mtandaoni, haiioni seva iliyo ofisini. Lango ndilo mjumbe kati yao. Linatoka nje tu, kwa poti 443, kwa hiyo mkatalieni fundi yeyote anayetaka kufungua 5432 kwa dunia nzima ili Power BI iingie. Haihitajiki.

Chagueni toleo la Standard. Lile la Personal ni la mtu mmoja na halifanyi DirectQuery. Likisakinishwa kwenye kompyuta mpakato ya mchambuzi, siku akivuka kwenda Nansio kikazi, lango limevuka naye. Liwekeni kwenye kompyuta ya mezani isiyohama, zimeni usingizi wa Windows, iunganisheni na betri ya akiba pamoja na ruta, maana kompyuta ikibaki hai ruta ikazimika, lango ni kama halipo. Recovery key mnayopewa wakati wa kusakinisha andikeni karatasini, ifungiwe kabatini. Bila hiyo, kompyuta ikiharibika hamhamishi lango, mnaanza upya.

Na hili ndilo linalotesa watu zaidi: anwani iliyo kwenye faili lazima ilingane herufi kwa herufi na iliyoandikwa kwenye lango. Ukiandika 192.168.1.20 huku na jina la seva kule, Power BI inaona vyanzo viwili tofauti, hata kama ni mashine moja. Ukiandika localhost, kwa lango hiyo ni kompyuta ya lango lenyewe. Ujumbe wa kosa hausemi hivyo waziwazi, na hapa naikatia Power BI alama. Amueni jina moja tangu mwanzo.

Umeme ukikatika usiku, usasishaji mmoja utashindwa, si neno. Lakini ukishindwa mara nne mfululizo, Power BI inaizima ratiba kabisa, na umeme kurudi hakuiwashi. Lazima mtu aingie aiwashe kwa mkono. Wekeni barua pepe ya mtu zaidi ya mmoja kwenye taarifa za kushindwa.

Kwenye ratiba chagueni saa za UTC+3 (saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa), Nairobi, ndizo zetu. Lakini hiyo inapanga muda wa kusasisha tu. Ukitumia DateTime.LocalNow kupata mapokezi ya leo, Desktop itakupa saa ya Mwanza, mtandaoni inaweza kukupa saa ya UTC. Ikitokea hivyo, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, leo ya ripoti bado ni jana. Mzigo wa dagaa uliopimwa saa nane usiku hauonekani, na msimamizi wa zamu anadhani haukuandikwa. Tumia DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.UtcNow(), 3), kote kuwili mtapata saa ileile.

Kwa bei: Desktop ni bure, kwa Windows pekee. Kushirikishana mtandaoni ni leseni ya Pro, dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025, na ratiba yake ni mara 8 kwa siku. Ofisi yenye wasomaji watano na seva moja, nunueni. Yenye MySQL na hitaji la namba za papo hapo, hapana, tafuteni programu nyingine. Mchambuzi aliye peke yake anayetuma PDF kwa bosi kila asubuhi, Desktop inamtosha, na hahitaji lango kabisa.