Jukwaa la juu Rupp Arena, usiku Calipari aliporudi

Nilikata tiketi mbili za jukwaa la juu, yangu na ya mwanangu: basketi ya vyuo vikuu, Kentucky yetu na Arkansas ya John Calipari, kocha wetu wa zamani, Rupp Arena hapa Lexington, Jumamosi ya 1 Februari 2025. Mimi ni mtu wa ghalani, zamu ya usiku, na tiketi hizo zilikula malipo ya siku mbili nzima. Nawaandikia ndugu zangu wa hapa Lexington na wa Louisville wanaoniuliza kila mara kama inafaa kutoa hela hiyo wakati mechi iko kwenye televisheni.

Inafaa. Kule juu namba za jezi unazisoma kwa taabu, lakini mchezo unauona wote kwa pamoja: nani anakimbilia kona, nani ameachwa peke yake, nani amechoka kurudi kulinda. Televisheni inafuata mpira tu. Kateni viti vya ubavuni mwa uwanja, si nyuma ya goli. Ukumbi unachukua watu zaidi ya 20,000, na darini yananing'inia mabango ya ubingwa nane, la kwanza la 1948, la mwisho la 2012. Mwanangu aliyahesabu mara mbili. Chakula siwezi kuwaambia kitu. Tulikula bugali na sombe nyumbani, ndani nikanunua soda. Mvae makoti mazito, maana kutoka tulipoacha gari ni mwendo, na Februari ya huku mnaijua.

Sasa niseme la moyoni, kwa sababu usiku ule haukuwa wa mpira tu.

Nilipofika hapa kutoka Bukavu sikuwa na habari na basketi. Mwaka 2021 akaja kuchezea Kentucky Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, na Desemba ile akachukua rebaundi 28, yaani mipira iliyokosa goli akaidaka, katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky. Ghalani, watu waliokuwa hawajawahi kunisalimia wakaanza kuniuliza kama kwetu na kwa Oscar ni karibu. Nilisema ndiyo. Mwaka 2022 alipotangazwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani yote, nyumbani kwangu tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kocha aliyempokea kijana yule ni John Calipari.

Najua watu walichoka naye. Hata mimi nilichoka. Alileta ubingwa wa 2012, lakini tuliyoyaona sisi ni chuo cha Saint Peter's kututoa 2022 kwenye mashindano ya taifa ya kila Machi, Oscar akiwa na pointi 30 na rebaundi 16 ambazo hazikutusaidia, kisha chuo cha Oakland kututoa tena 2024, pointi 80 kwa 76. Kila mwaka vijana wapya wenye vipaji vikubwa, na Machi wanacheza kama waliokutana jana. Alipohamia Arkansas Aprili ile, baada ya miaka 15, nilishusha pumzi. Kesho yake nikawa kama mtu aliyefiwa.

Mark Pope, kocha aliyemrithi, nampenda. Alikuwa nahodha wa timu iliyochukua ubingwa wa 1996, na siku ya kumtambulisha watu waliujaza ukumbi huu kama kuna mechi. Alianza na kikosi kipya kabisa, lakini mpira haugandi mkononi mwa mtu: pasi, pasi, halafu mtu yuko wazi anatupa ya pointi tatu. Novemba waliwafunga chuo cha Duke 77–72. Ni mchezo niliokuwa nauomba miaka yote.

Basi Calipari akatokea, na ukumbi mzima ukazomea. Sauti ile niliisikia mpaka kwenye kiti. Mwanangu akasimama azomee na wenzake, nikamshika bega.

“Papa, si alituacha?”

“Huyu ndiye alileta yaya Oscar hapa, kaka yetu mkubwa. Hatumzomei.”

Hakukaa, lakini alinyamaza. Mimi nikapiga makofi. Mzee wa safu ya mbele aligeuka akanitazama, hakusema neno.

Tulifungwa 89–79. Iliniuma sana, maana walinzi wetu waliwaacha wapigaji wao wazi mara nyingi mno, na hilo Pope alikuwa hajalitibu. Siku kumi baadaye tuliwafunga Tennessee palepale, 75–64, nami niko sebuleni. Machi Tennessee hao hao wakatutoa kwenye mashindano ya taifa, zikiwa zimebaki timu 16. Kwa mwaka wa kwanza wa kocha, sina lawama.

Msimu ujao nitakata tena mbili, jukwaa lile lile. Mwanangu ameshasema atavaa jezi yake ya Oscar, namba 34, ingawa inambana mabegani.