Tumelala kwenye Hiace: hifadhi ipi ya Kanda ya Ziwa inafaa gari la kulala na kombolela ya simu

Gari letu bado lina mstari wa daladala ubavuni. Tulilinunua likiwa limechoshwa na ruti, fundi wa Nyakato akang'oa viti vyote vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao, kabati la vyombo na sehemu ya kufungia pipa la maji la lita 40. Mstari hatukuufuta, rangi ni pesa. Kwa hiyo kila tukitoka Mwanza mjini kuelekea Musoma lazima mtu atupungie mkono kituoni. Safari iliyopita tulisimama Igoma kununua mkaa, mama mmoja akavuta mlango, akaingia na beseni lake la nyanya, akajikalia kitandani kwangu na kuuliza, "Kisesa shilingi ngapi?" Tukampeleka. Kisesa si iko njiani.

Wengi wananiuliza wapi pa kwenda na watoto ukiwa na gari la namna hii, maana hoteli za porini si za mifuko yetu. Nitajibu kwa hifadhi tatu nilizofika, Saanane, Serengeti na Rubondo, ila mjue nina kipimo changu kimoja ambacho huenda ninyi hamna: nyumbani kwetu tunacheza jiokashi. Mtu anaficha kopo mahali, anatoa latitudo na longitudo yake kwenye programu, wengine wanalisaka kwa simu. Ndani ya kopo mna daftari na vikorokoro. Ukilipata unaandika jina, ukichukua gololi unaacha kitu cha thamani hiyo hiyo, unalirudisha palepale. Wanangu wanaiita kombolela ya simu na sijawahi kusikia jina zuri zaidi.

Nilijifunzia Ohio, kwa mdogo wangu. Mchezo wenyewe ni wa huko Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (setilaiti zinazokuonyesha ulipo) wanayotumia raia, na kesho yake tu bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini na kuwatangazia watu mahali ilipo. Mdogo wangu alinipeleka Hocking Hills, ambayo ni hifadhi ya jimbo, si ya taifa. Kule kila jimbo lina hifadhi zake. Za Ohio hazina kiingilio, unalipia pa kulala tu. Magari ya kulala yanaingizwa kinyumenyume, kila moja kwenye kisehemu chake chenye namba, unachomeka waya kwenye nguzo ya umeme, unapika maharage. Yeye huchagua hifadhi kwa kufungua ramani ya makopo kwanza, kisha anaangalia kama pana umeme, basi. Kufunga safari kwake ni kazi ya dakika kumi.

Nikarudi Mwanza na ujinga wa kudhani mambo yatakuwa hivyo hivyo.

Kopo langu la kwanza nililificha Kisesa kwa mama mkwe, kwenye miamba nyuma ya zizi. Kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake unabana vizuri, ndani daftari dogo, penseli (kalamu ya wino hukauka), gololi tatu na kifungo cha shaba. Nikalipanga saa kumi na mbili jioni ili kesho watoto wa shemeji walitafute. Sasa fikiria jirani anachokiona: mke wa mtu, giza linaingia, ameinama kwenye upenyo wa jiwe anaficha kopo lenye karatasi iliyoandikwa majina ya watoto. Usukumani! Kabla sijanawa mikono mwenyekiti wa kitongoji alikuwa uani, na nyuma yake wazee wawili wasiosalimia. Mdogo wangu nilipompigia alicheka mpaka akakohoa, akaniambia kule kwao kopo la namna hiyo likionekana chini ya daraja wanaitwa polisi wa mabomu. Nikamwambia kwetu ingeitwa tiba nyingine.

Tulilifungua kopo mbele ya wote, likazungushwa, mzee mmoja akainusa penseli. Mwenyekiti alipoelewa alitaka naye aandike jina, na kwa kuwa muhuri hutembea nao mfukoni, akagonga na muhuri. Ndilo kopo pekee ninalolijua lenye idhini ya serikali ya kitongoji. Sharti la mchezo linasema omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Kwetu mwenye ardhi hatoshi, ongeza na majirani.

Hifadhini ni hadithi nyingine: huachi kitu, huchukui kitu, hata jiwe. Nilimuuliza askari wa hifadhi kuhusu kopo, akaniangalia kama niliyeomba kujenga. Bahati nzuri hata Marekani hifadhi za taifa kwa kawaida hazitaki makopo, hivyo wachezaji wana aina isiyo na kopo: unafika kwenye namba ulizopewa, unautazama mwamba au maporomoko kwa makini, unajibu swali ambalo aliyekaa nyumbani hawezi kulijibu. Hiyo ndiyo tunayocheza sisi. Safari ya kwanza baba watoto anachukua namba na kutunga maswali, safari ya pili watoto wanasaka.

Na kwa hilo hakuna pa kuizidi Saanane. Kisiwa kiko ndani ya jiji, unapanda boti karibu na Capri Point na kabla hujamaliza kufunga jaketi la kuokolea umefika. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ukijumlisha nchi kavu na maji yake haifiki hata kilomita za mraba 3. Udogo huo ndio utamu. Unatembea kwa miguu. Watoto wanakimbia na simu, swala wanawatazama, pimbi wanapiga kelele kwenye mawe, mijusi wenye vichwa vyekundu wanapiga pushapu juani.

Miamba ile inaficha vizuri na inadanganya vizuri. Namba zetu tunaziandika kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, na tarakimu ya mwisho ikipanda moja tu umesogea chini kidogo ya mita 2. Hesabu safi kabisa, mpaka uingie katikati ya mawe mawili yenye ukubwa wa nyumba. Binti yangu alisoma mita 4, akazunguka jiwe, simu ikasema 17, akarudi, ikasema 9 upande wa ziwani. Alitaka kulia. Simu haioni anga, na mawimbi ya setilaiti yanagonga jiwe kabla ya kuifikia. Dawa yake ni kutoka mahali peupe, kusubiri namba zitulie, kuzisoma mara tatu nne na kuchukua za kati, halafu kuweka simu mfukoni na kutumia macho. Swali lilikuwa: jiwe lililobebwa mgongoni na mwenzake limegusana naye mahali pangapi? Ilibidi alale kifudifudi kuchungulia. Pawili. Kenge akatoka humo chini na kila mtu akasahau swali.

Ila gari, hapana. Hiace linabaki mjini, na sisi wa Mwanza tunarudi kulala nyumbani. Anayetoka Shinyanga au Singida na gari lake la kulala, Saanane itampa siku nzuri, pa kulala atafute upande wa nchi kavu.

Serengeti ni kinyume chake. Geti la Ndabaka liko palepale pembeni ya barabara ya Musoma, ukishapita Lamadi, kama kilomita 140 kutoka mjini. Barabara ni lami mpaka mlangoni. Pesa taslimu usibebe, malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, na Mtanzania analipa kwa shilingi, kwa hiyo usiogopeshwe na bei za dola mnazoziona mitandaoni. Beba kitambulisho. Kiangazi Hiace lilipita bila shida isipokuwa mtetemo; vijiko vilikuwa vinaimba kabatini tangu getini. Masika usithubutu. Ule ni udongo wa mbuga, mweusi, sawa na wa majaruba yetu ya mpunga, na gari lisilovuta magurudumu yote manne litazama hadi kwenye mlango.

Usiku ndipo nililipenda gari langu. Kambi za mle hazina uzio. Waliokuja na mahema walikwenda chooni kwa makundi na tochi tatu tatu, sisi tumefunga mlango, pazia limeshuka, tunatafuna matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Kama saa saba kitu kikawa kinaburuzwa nje. Baba watoto akasema ni upepo. Asubuhi tukakuta beseni la kuoshea vyombo nililolisahau chini ya gari limetafunwa ukingo wote kama mkate, na nyayo za fisi zimezunguka hadi upande wa dereva. Vyombo vyote ndani jamani, hata kama ni vya plastiki na vimeoshwa.

Lakini kombolela hakuna. Hushuki kwenye gari ila penye ruhusa, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa anakaa dirishani muda wa saa sita. Tulijaribu maswali ya dirishani ("mti ule wa pembeni ya mto una viota vingapi?") yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Siku ya kwanza simba, siku ya pili "mama tunarudi lini?" Kama watoto wako wanapenda kukaa na kutazama, Ndabaka usiku mmoja au miwili ni fedha halali. Wangu wana miguu inayowasha.

Wakati wa kurudi tulilala kwenye uwanja wa kambi ufukweni, jina nalihifadhi. Kwenye simu waliniambia umeme upo, maji yapo, choo kipo. Umeme ni soketi moja ukutani mwa jikoni kwao, mwendo wa hatua arobaini kutoka gari lilipoegeshwa, na waya niwe nao mimi. Maji ni bomba lililotoa pumzi likanyamaza. Kijana akanyoosha kidole ziwani. Na kichocho je? Akacheka. Tukalipia gari, tukalipia vichwa, halafu asubuhi ikaja ada ya jiko kwa sababu tulipikia mkaa wetu badala ya kununua kwao chipsi. Muziki wa baa ulizimwa saa nane usiku. Siku hizi nikipiga simu siulizi "umeme upo?", nauliza soketi iko wapi na nani mwingine ameichomekea. Maji nauliza yametoka lini mara ya mwisho. Bei naomba itumwe kwa ujumbe, vichwa na gari, imeandikwa.

Hata hivyo usiku ule haukuwa na mwezi, na wavuvi wa dagaa walikuwa nje. Taa zao zilijipanga kwenye maji mpaka mwisho wa macho, mji mzima usio na barabara. Kitinda mimba alihesabu mpaka 112 akalala. Kwa hilo tu sijawasamehe, ila nimepunguza hasira.

Rubondo nimeiweka mwisho kwa sababu bado inanichanganya. Ni hifadhi tangu mwaka 1977, kisiwa kikubwa chenye msitu upande wa magharibi mwa ziwa, na simba hakuna, hivyo unatembea msituni ukiwa na askari. Kuna nzohe, swala wa majini, wanaosimama kwenye mafunjo na kwato ndefu kama viatu vya kukopa. Kuna sokwe, na hao wana historia: miaka ya 1966 hadi 1969 waliletwa kutoka kifungoni Ulaya wakaachiwa kisiwani, wazao wao leo ni wa porini kabisa. Hatukuwaona, tuliwasikia. Kwa maswali ya kombolela ni pazuri, ingawa chini ya miti mirefu simu inayumba kama kwenye mawe ya Saanane. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazifuata. Mimi nilivaa dera la bluu na nilijuta kabla ya saa nne asubuhi. Kuogelea sahau, mamba na viboko wapo.

Njia imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lianze kutumika mwaka 2025. Zamani nusu ya siku ilikuwa ya kuombea kivuko, sasa unakatiza kama kilomita 3 juu ya maji na kabla soda haijapata moto uko ng'ambo unaitafuta Geita. Nawakosa wauza samaki wa kwenye foleni, lakini sirudi nyuma. Unapita Geita, Chato, Muganza, unafika Kasenda na hapo ndipo mwisho wa gari. Boti haibebi Hiace. Kitanda changu cha mbao, jiko langu, pazia langu, vyote vikabaki bara na sisi tukalala hemani kama watu wengine, kitu ambacho nilidhani nimeachana nacho.

Kwa hiyo ukinibana nichague: watoto wadogo na mfuko mdogo, Saanane, hata mara tatu kwa mwaka. Rubondo siku tatu kwa wenye umri wa kutembea bila kubebwa. Ndabaka nitarudi na baba watoto tu, wa kuhesabu viota wabaki kwa bibi yao Kisesa.

Gari pale Kasenda nililiacha kwa makubaliano na jamaa mwenye kibanda, nikiwa na wasiwasi wa betri na matairi. Siku ya tatu boti lilipoikaribia nchi kavu nikaliona limesimama salama, na kivulini mwake wamekaa watu wanne na mizigo yao, wanasubiri lijae.