Stanley Brothers, rekodi za Columbia: uzoefu wangu

Hapa Kenya ukisema unapenda kantri, watu wanakutajia Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi pia nilianza na hao, na bado nawapenda. Lakini siku hizi ninachosikiliza zaidi ni kitu kikavu kuliko vyote hivyo: The Complete Columbia Stanley Brothers, mkusanyiko uliotolewa 1996 wa nyimbo ambazo ndugu wawili, Carter na Ralph Stanley, waliirekodia kampuni ya Columbia kati ya 1949 na 1952. Ni blugrasi ya kale, tawi la kantri: banjo, mandolini, fidla, gitaa na besi, hakuna ngoma, hakuna chombo cha umeme. Nawaandikia hasa wanakwaya, kwa sababu naamini ninyi mtasikia mapema kuliko wengine kinachofanyika humu ndani.

Carter alizaliwa 1925 na Ralph 1927, kaunti ya Dickenson, kusini-magharibi mwa Virginia, kwenye milima ya makaa ya mawe. Kanisa walilokulia ni la Primitive Baptist, ambalo halina kinanda wala gitaa. Kiongozi anautoa mstari, waumini wanaupokea na kuuvuta polepole, kila mtu na koo lake. Nyumbani, mama yao Lucy alikuwa anapiga banjo, naye ndiye aliyemwanzisha Ralph. Wote wawili walirudi kutoka jeshini, na mwaka 1946 wakaunda bendi yao, Clinch Mountain Boys. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakaanza kuimba katika kituo cha redio cha WCYB, mjini Bristol, mji ambao mpaka wa Virginia na Tennessee unapita katikati yake. Carter alipiga gitaa na kuongoza wimbo, Ralph akapiga banjo na kuimba juu ya kaka yake.

Watu husema ndugu huimba vizuri pamoja kwa sababu sauti zao zinafanana. Sikilizeni hawa wawili mtaona si hivyo. Carter ana sauti ya katikati, yenye joto, yenye uchovu kidogo, sauti ya mtu anayekusimulia jambo akiwa ameketi karibu nawe. Ralph sauti yake ni nyembamba, ngumu, ya juu, na haitafuti kukufurahisha. Mkiwasikiliza kila mmoja peke yake mnaweza kudhani hawajuani. Kinachofanana ni mambo madogo: namna wanavyofungua irabu, mahali wanapokatia pumzi, na jinsi wanavyoifikia noti. Hawaigongi moja kwa moja. Wanaipanda kutoka chini, na wanaipanda kwa mwendo mmoja, wakafika pamoja. Nimeimba kwaya miaka mingi, na najua jambo hilo haliandikwi kwenye karatasi ya noti. Wamelipata kwa kukaa nyumba moja na kuomba kanisa moja.

Sasa nifike kwenye sababu kubwa ya kuupenda mkusanyiko huu. Katika tenzi tulizozoea, wimbo wenyewe unakaa juu, kwa sauti ya kwanza, na sauti nyingine tatu zinaubeba kutoka chini. Stanley Brothers waliugeuza utaratibu. Bendi nyingi za blugrasi zikiimba sauti tatu, mmoja yuko juu ya kiongozi na mwingine chini yake. Lakini katika rekodi za 1949, Pee Wee Lambert, mpiga mandolini wao, aliitoa ile sauti ya chini akaipandisha hadi juu ya Ralph. Kwa hiyo Carter, mwenye wimbo, yuko chini kabisa. Ralph yuko juu ya Carter, na Lambert yuko juu ya Ralph. Hakuna besi ya mtu inayokushikia chini. Mnabaki na wimbo sakafuni na sauti mbili zinazoning'inia juu yake.

Sikilizeni kiitikio cha The White Dove, wimbo ulioandikwa na Carter kuhusu wazazi waliokufa, kisha The Fields Have Turned Brown, kisha The Lonesome River. Zote zinakwenda kwa mapigo matatu, taratibu. Ubeti anaimba Carter peke yake, unamzoea, na kiitikio kinapofika zile mbili zinafunguka juu yake kwa ghafla. Mara ya kwanza nilidhani kuna kinanda kimeingia. Hakuna, ni watu watatu tu.

Mimi na mdogo wangu wa kike tuko kwaya moja, basi tulimwomba mwenzetu mmoja mwenye sauti ya juu tukajaribu kiitikio hicho sebuleni. Mimi nikashika wimbo, mdogo wangu juu yangu, mwenzetu juu yetu sote. Tuligundua haraka kwamba kazi ngumu si ya aliye juu. Anayeumia ni wa chini, kwa sababu wimbo ni wake na sikio la msikilizaji kwa kawaida hukimbilia juu. Aliye juu akiimba kwa nguvu kidogo tu, wimbo unapotea. Tuliporudi kwenye rekodi ndipo nikasikia Lambert anavyojizuia. Yupo, anang'aa, lakini hasukumi. Na Ralph, mwenye sauti kali kuliko wote, anamwachia kaka yake nafasi mwanzoni mwa kila neno. Ndiyo maana sikio linamfuata Carter hadi mwisho ijapokuwa kuna watu wawili juu ya kichwa chake. Tangu hapo mwalimu wetu wa kwaya ametuomba tumpe rekodi hizo, na nimefurahi sana.

Kuna na Man of Constant Sorrow, waliourekodi 1950. Wengi wanaujua kutokana na filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000, ambamo unaimbwa na watu wengine kwa kishindo. Hapa Ralph anauimba peke yake, bila mtu wa kumwitikia, na kule kanisani kwao kunasikika katika kila mstari. Mimi naupenda huu zaidi ya ule wa filamu, tena kwa mbali.

Historia yao na Bill Monroe pia inafaa kujulikana, maana jina la blugrasi lenyewe limetoka kwenye bendi ya Monroe, Blue Grass Boys. Monroe alikuwa Columbia kabla yao, na hakupendezwa hata kidogo kampuni ilipowachukua vijana walioimba kwa mtindo ulio karibu na wake. Akahamia kampuni ya Decca. Lakini mwaka 1951 Carter alifanya kazi kwa muda ndani ya bendi ya Monroe huyohuyo. Ukizisikiliza rekodi hizi kwa mpangilio wa tarehe unasikia mwanzoni vijana wanaomfuata mtu, na baadaye vijana wenye njia yao.

Upungufu upo. Sauti ni ya zamani: besi inasikika kwa mbali, fidla mahali pengine inakuwa nyembamba sana, na spika ndogo za simu zinaua kila kitu nilichoeleza hapo juu. Tumieni vipokea sauti vya masikioni. Nyimbo nazo ni fupi na karibu zote ni za majonzi: mama amekufa, mchumba amekwenda, na katika Little Glass of Wine mtu anamtilia mpenzi wake sumu. Aliye na msiba wa karibuni angoje kidogo. Mimi husikiliza nne au tano nikaacha, kwani mkusanyiko mzima kwa mkupuo mmoja unachosha moyo.

Jambo jingine ni kwamba programu ya muziki ninayotumia imejaa mikusanyiko ya Stanley Brothers isiyo na tarehe. Wimbo uleule waliurekodi zaidi ya mara moja, kwa kampuni tofauti na wapigaji tofauti, na jalada halikuambii. Ukitaka zile sauti tatu za juu, hakikisha kumeandikwa Columbia, na uangalie kama Lambert ametajwa.

Ukimaliza hizi, usiruke hadi mwisho. Pitia kwanza rekodi walizoifanyia kampuni ya Mercury miaka ya 1950, ambazo bendi ina nguvu na banjo ya Ralph imekomaa. Halafu nenda kwenye Rank Stranger ya 1960, ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza mwaka 2008 katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa. Humo Carter anaimba ubeti peke yake kwa upole, na Ralph anaingia kwenye kiitikio kutoka juu, mbali, kana kwamba anajibu kutoka ng'ambo ya bonde. Lambert hayupo tena, na unasikia jinsi ndugu wawili walivyojifunza kuijaza nafasi yake.

Carter alifariki Desemba 1966 akiwa na miaka 41. Ralph aliendelea na Clinch Mountain Boys kwa karibu miaka 50 zaidi, akapata tuzo ya Grammy mwaka 2002 kwa O Death, anayoiimba bila chombo chochote, na akafariki 2016. Rekodi zake za baadaye ni nzuri na ninazo, lakini kwa mwanakwaya anayetaka kujua sauti mbili za nyumba moja zinaweza kufanya nini, nampa hizi za Columbia, nyota tano, na namwambia aanze na The Lonesome River.