Ukaazi wa wakutubi wachanga: tuige nini Dodoma, tuache nini

Kijana aliyemaliza shahada ya ukutubi akaingia maktaba ya chuo kwa kujitolea, kazi atakazopewa zinajulikana: kupiga mihuri, kubandika msimbopau, kurudisha vitabu rafuni. Mwaka unakatika, barua ya utambulisho anapata, lakini kazi ya kuonyesha kwenye usaili hana. Marekani wana utaratibu mwingine wa kumpokea mtu kama huyu, wanauita ukaazi, na hapa tunaupima kwa mahitaji ya maktaba za vyuo vya Dodoma. Muundo wake unafaa kuigwa. Namna unavyowaaga watu wake, hapana.

Ukaazi ni ajira ya mkataba, kwa kawaida mwaka 1 hadi 3, kwa aliyehitimu shahada ya uzamili ya ukutubi karibuni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Delaware ilianzisha wa kwake mwaka 1983, na unaitwa kwa jina la Pauline A. Young, mwalimu na mkutubi Mweusi wa jimbo hilo. Nafasi nyingi zinalenga jamii zisizoonekana sana katika fani: Weusi, Walatino, wenyeji wa asili wa Amerika, wenye asili ya Asia. Sababu haihitaji kutafutwa kwa tochi. Takwimu za chama cha maktaba cha nchi hiyo, ALA, za 2009–2010 zilionyesha kuwa takribani 88% ya wakutubi wenye sifa kamili walikuwa Wazungu. Mwaka 2015 maktaba za American University, Iowa, Virginia Tech na West Virginia ziliungana kuanzisha nafasi zaidi za namna hiyo, kisha muungano huo ukachukuliwa na ACRL, chama cha maktaba za vyuo na utafiti.

Kinachopendeza kuliko vyote ni sharti la muungano huo kuhusu mshahara: mkaazi alipwe sawa na mkutubi mwingine anayeanza kazi. Hilo peke yake linabadilisha mambo, maana idara inayolipa mshahara kamili haitakubali mtu huyo ashinde akipanga viti. Juu yake kuna fungu la kuhudhuria mikutano ya fani, na mlezi wa kitaaluma.

Kasoro zinaanzia kwa mlezi huyohuyo. Pale anapokuwa pia ndiye msimamizi anayejaza fomu ya tathmini, mkaazi hana pa kupeleka lalamiko. Mlezi atoke idara nyingine, na ikiwezekana chuo kingine. Kasoro ya pili ni mzunguko mtupu: miezi 4 uorodheshaji, miezi 4 dawati la marejeo, miezi 4 hazina ya kidijitali, na mwisho wa mwaka mtu ameonja kila kitu, hakumaliza chochote. Kisha kuna mzigo usioandikwa kwenye mkataba. Kwa kuwa aliajiriwa kwa jina la utofauti, kila kamati ya utofauti inamtaka, kila picha ya tovuti inamtaka, na wenzake ambao hawakuelezwa kwa nini nafasi ile ipo wanamwona mgeni aliyependelewa. Akiwa peke yake inachosha haraka. Maktaba zinazoajiri wawili kwa pamoja zinawapa angalau mtu wa kuzungumza naye.

Mwisho wa mkataba ndio unaouma. Fedha mara nyingi ni za muda, na nafasi ya kudumu haipo. Ajira za vyuo kule huchukua miezi mingi tangu tangazo hadi barua, kwa hiyo mwaka wa mwisho nusu yake inaliwa na maombi ya kazi.

Anayetaka kuomba akiwa Tanzania ajue mapema: matangazo mengi yanataka shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na ALA, na vyuo vyenye idhini hiyo viko Marekani, Puerto Rico na Kanada tu. Wakala anayedai ada ya kukuombea, muage.

Sasa Dodoma. Kuiga hesabu ya rangi ya Marekani hapa hakuna maana, lakini pengo letu lipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na angalau 3% wenye ulemavu, na shule ya wasioona ya Buigiri iko hapo Chamwino. Mkaazi asiyeona atagundua siku ya kwanza kuwa tasnifu zilizochanganuliwa (kuskaniwa) kama picha hazisomeki: NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, inakaa kimya kwa sababu ndani ya faili hakuna maandishi. Dawa ni kuchanganua kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), kupitisha Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi halisi, ambayo ina data ya Kiswahili, kisha kusahihisha kwa macho angalau jina la kazi, yaliyomo na vichwa vya sura. Majedwali yaachwe mwisho, ndiyo yanayovurugika zaidi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona bila kuvunja hakimiliki, mwaka 2020, kwa hiyo kazi hii ina mgongo wa kisheria.

Pengo jingine ni lugha. Kwenye MARC 21, muundo wa kimataifa wa rekodi za katalogi za maktaba, Kisandawe kina msimbo wake wa lugha, sad. Kigogo hakina: kinatupwa kwenye bnt, kapu la lugha za Kibantu zilizokosa msimbo. Msomaji akichuja kwa lugha kwenye Koha, programu ya kuendesha maktaba, nyaraka za Kigogo zinatoka zimechanganyika na za Kibantu nyingine. Tiba ni kubaki na bnt kwenye uga wa 008 wa rekodi, kisha kuongeza uga wa 041, ule wa misimbo ya lugha, wenye kiashiria cha pili 7, gog (msimbo wa Kigogo) kwenye uga mdogo $a na iso639-3 (orodha ulikotoka msimbo huo) kwenye $2. Kabla ya kuanza, kagua mipangilio ya utafutaji ya Koha, maana uga usiofahirisiwa hautafutiki hata ukijazwa vizuri. Mkutubi anayezungumza Kigogo ataona kosa hili, tena atajua kitabu kinahusu nini bila kubahatisha kwa jalada.

Kwa hiyo mkataba wa miaka 2 unatosha: miezi 3 ya kuzunguka idara zote, iliyobaki kwa mradi mmoja kati ya hii. Saa za kamati ziwekewe kikomo kwa maandishi. 2 kwa wiki ni nyingi tayari.

Kikwazo kikubwa ni cha kiserikali. Chuo cha umma hakiwezi kumbakiza mtu kwa kumpenda tu: inahitajika ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), kibali cha ajira, na kwa kawaida usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ombi la ikama liingizwe kwenye bajeti mkaazi akiwa bado mwaka wa kwanza, na tangazo la nafasi liseme wazi kama ombi hilo lipo au halipo.