Ada ya maji misimu sita: jumuiya yetu ya mfereji inastahili hela yangu?

Nalima eka mbili za mpunga Mbarali, mwisho kabisa wa mfereji. Ukitaka habari za jumuiya ya watumia maji, waulize watu wa mwisho wa mfereji. Walio karibu na banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, watakusifia tu, maana kwao maji yangefika hata pasingekuwa na jumuiya wala serikali.

Jina la jumuiya silitaji, kwa kuwa viongozi wake nakutana nao kisimani na kwenye misiba. Ninachopima hapa ni huduma. Natoa shilingi 20,000 kwa eka kila msimu, napewa zamu ya maji. Basi, biashara ndiyo hiyo.

Zamu yangu ni Jumatano, saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri. Februari mwaka jana nilifika na jembe na tochi, mtoto wa dada akinisindikiza kwa sababu ya nyoka. Saa tano ikapita. Maji yakaja membamba kama mkojo wa mbuzi. Tukaufuata mfereji kwenda juu, matope mpaka magotini, na kwenye lango la tatu tukakuta viroba viwili vya udongo vimeziba vizuri kabisa, ubavuni tuta limekatwa, maji yanaingia kwenye majaruba ya mtu huku yanacheka. Nikashika kiroba nikivute. Kisha nikakumbuka, nikampigia mgawa maji.

Alichukua kama dakika arobaini, akaja na pikipiki, koti la mvua juu ya bukta. "Mama, usiguse kitu, niache nipige picha kwanza." Akapiga. Akavuta viroba, akaziba tuta, akatoa daftari la shule mfukoni na kuniandikia saa moja na nusu ya fidia, nikatia sahihi kwa mwanga wa tochi. Asubuhi yake mwenye zamu ya saa kumi aliambiwa asubiri, akasubiri. Akanuna, lakini akasubiri.

Hiyo ndiyo huduma ninayoilipia, na kwa hiyo siwabanii nyota. Zamani ugomvi wa namna hii ulimalizwa kwa mpini wa jembe. Mjomba wangu ana kovu begani la mwaka ambao mfereji huu haukuwa na daftari.

Sasa upande wa pili. Mwenye yale majaruba alikuwa mjumbe wa kamati. Kesi iliahirishwa mara tatu: mara mwenyekiti anaumwa, mara akidi haikutimia, mara kitabu cha kanuni kimesahaulika nyumbani. Mwishowe akalipa nusu ya faini. Mwezi huohuo kijana mmoja wa kukodi shamba alilipa faini nzima papo hapo, kwa kosa dogo zaidi.

Kwa wasiofahamu, jumuiya hizi zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Juu ya jumuiya ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa, na huko ndiko vinakotoka vibali. Kibali kinasema mfereji uchukue maji kiasi gani, masika mbali na kiangazi mbali. Kwetu kipimio cha pale banioni, ile rula ya kusomea kimo cha maji, kilibebwa na mafuriko msimu wa juzi na hakijarudishwa. Tunapima kwa mguu: "leo ni maji ya magoti", "leo ni ya kifundo". Ni jumuiya ya kugawa maji isiyojua inagawa kiasi gani!

Kitu ambacho sikutegemea kukipata kwa ada yangu ni ubao wa gololi. Ni mchezo uliobuniwa miaka ya 2000 mwanzoni kwa ajili ya bonde letu hili la Usangu. Ubao mrefu umeinamishwa, katikati una mfereji ambao ndio mto, pembeni kuna vishimo ambavyo ni mashamba, na vijiti ndivyo mabanio. Gololi ni maji. Zinamiminwa juu, kila mtu anakinga zake kwa kijiti. Kwenye mafunzo yetu waliniweka juu, kwa makusudi nadhani. Nilikinga mpaka kishimo kikafurika, nikacheka. Mzee wa banioni, aliyewekwa chini, alipata gololi mbili. Alizitazama kiganjani muda mrefu, hakusema neno. Msimu ule lango lake lilifungwa kwa wakati. Uliofuata, akasahau.

Na chini ya shamba langu mto bado unaendelea. Maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hukusanyika Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, kisha hutokea N'giriama, penye kizingiti cha mwamba. Kimo cha maji kikishuka chini ya mwamba ule, hakipiti kitu, hata kama ndani kuna maji ya kuogelea viboko. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu, unaoanzia hapo, hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baada ya hifadhi kuna bwawa la umeme la Mtera, kisha la Kidatu, kisha mto unaingia Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mwaka 2006 nchi ilipokaa gizani kwa mgawo wa umeme, lawama zilitupwa kwetu wakulima na kwa wafugaji, ingawa wapo wataalamu waliosema uendeshaji wa mabwawa yenyewe nao ulichangia.

Jumuiya ilitupeleka Msembe, hifadhini, mwezi wa kumi. Viboko nimezoea kuwaogopa. Pale nilikuta wamebanana kwenye dimbwi la tope, migongo imekauka na kupasuka kama ukuta wa udongo. Njia nzima ya kurudi basi lilikuwa kimya.

Lakini mwezi huohuo wa kumi ndio vitalu vya mapema vya miche ya mpunga huanza huku juu, kwa sababu mpunga wa mapema una bei. Kanuni zetu zinataka lango lishushwe kiangazi, yabaki maji ya kunywa na kuoga tu. Linashushwa, kweli. Usiku linapanda. Mgawa maji wetu halipwi kiangazi, kwa hiyo hakuna wa kumpigia. Na wafugaji, ambao ng'ombe wao wanakunywa mto huohuo, hawana hata mjumbe mmoja kwenye kamati. Wanaitwa siku ya faini tu.

Nyota tatu kati ya tano. Mgawa maji peke yake ningempa tano na soda juu.

Ukijiunga, lipa kabla ya kitalu, maana foleni ya Desemba ni ndefu. Dai risiti. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, ila mhazini naye ana shamba, mpigie kwanza.