Uzoefu wangu: kubadilisha winchi ya nanga kwenye boti ya zamani

Naanza na jibu kwa mwenye haraka. Kama boti yako ni ya miaka ya 70 au 80 na winchi ya nanga imeanza kusuasua, usiagize mpya kabla hujapima waya wa umeme na cheni. Sisi tumeitoa ya zamani tukaweka Lofrans Tigres ya Italia, volti 12, wati 1500, na naipenda kweli, lakini nusu ya raha ninayoipata sasa imetoka kwenye waya.

Boti ni Grand Banks 42 ya fiba, ya mwaka 1978, injini mbili za Ford Lehman. Ni ya tajiri wangu, mi ndo nahodha, tunalaza Kilifi na wageni tunawapeleka Lamu, Shimoni, mara nyingine tunavuka Pemba. Sasa Kilifi kwenye kriki ni tope, nanga inashika upesi na maji si mengi, hata winchi mbovu utaibembeleza ikuvushe. Pemba ndo inakuonyesha. Kule chini kunazama ghafla, unajikuta umetia nanga kwenye mita 20 na zaidi unatafuta mchanga ili usiangushe chuma juu ya matumbawe, na cheni ya milimita 10 ina kama kilo 2.3 kila mita, piga hesabu mwenyewe, mita 20 zinazoning'inia ni kilo 46 na bado hujaweka nanga yenyewe ya kilo 30. Na bamvua pwani yetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo cheni lazima uachie ya kutosha, huwezi kubania. Winchi ikifa hapo na kusi linavuma, kinachobaki ni migongo ya vijana, na cheni haina huruma na vidole vya mtu.

Ile ya zamani tulijaribu kuitengeneza kwanza, na sijuti. Mota tulipeleka Mombasa kwa fundi wa kuwaindi, akaweka kaboni mpya na beringi, ikawa inazunguka safi kabisa mezani. Fundi huyo namsifu. Shida ilikuwa bodi, yaani kasha la nje la winchi. Bodi ni aluminiamu, shafti na boliti ni stenlesi, katikati maji ya chumvi, na vyuma viwili hivyo vikikutana kwenye chumvi aluminiamu ndo inaliwa, miaka nenda miaka rudi. Tulipofungua tukakuta unga mweupe na mashimo pale sili (mpira wa kuzuia oili na maji) inapokaa, manake hata uweke sili mpya haina pa kushika, oili ya gia inachuruzika kwenye deki na maji yanarudi ndani ya mota ile ile uliyotoka kuilipia. Spea hazitengenezwi tena. Karakana moja ikasema itachonga bodi mpya, bei waliyotaja nikamwambia mzee mwenye boti hapana, bora tununue.

Haya, waya. Betri ziko chini karibu na injini, winchi iko omo, mbele kabisa ya boti, waya ukizunguka kwenda na kurudi ni kama mita 26. Tigres ikivuta kwa nguvu zote ni ampia 125 hivi. Waya wa zamani ulikuwa wa milimita mraba 35, ambao kwa umbali huo unakula volti 1.6 njiani, hapo sijahesabu viungio vyenye kutu. Kwa hiyo mota inapata volti pungufu, inakwenda polepole, inachemka kabla cheni haijaisha, halafu watu wanasema winchi mbaya. Tumepitisha mpya wa milimita mraba 70, ule uliopakwa bati, upotevu ukashuka chini ya volti moja, na sakiti breka tukaifunga karibu na betri. Waya huo ni ghali jamani, kuupitisha chini ya sakafu ni kazi ya kutambaa, na ndo kazi ninayojivunia kuliko zote. Kama boti yako ina volti 24 chukua winchi ya 24, ampia zinakuwa nusu na waya hauhitaji kuwa mnene hivyo.

Cheni nayo inataka macho. Cheni ya milimita 10 iko ya aina mbili kwa vipimo vya kiwandani, DIN 766 ambayo kila pete ndani ni milimita 28, na ISO 4565 ambayo ni 30. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Inyooshe, pima pete kumi, kuanzia ukingo wa ndani wa ya kwanza hadi ukingo wa ndani wa mwisho wa ya kumi, utapata 280 au 300, na gurudumu la winchi linaloshika cheni uagize kwa namba hiyo. Likikosana cheni inaruka meno, na ikiruka mkiwa mnashusha inakimbia yote. Yetu ilikuwa DIN, tukaagiza la DIN, mpaka leo haijaruka.

Deki chini ya winchi ya zamani mbao ya kati ilikuwa imelowa na kuoza kupitia matundu ya boliti. Tukaikata, tukajaza plaiwudi ya marini na epoksi, matundu mapya tukayatoboa makubwa, tukajaza epoksi, ndo tukatoboa tena saizi ya boliti, na chini bamba pana la stenlesi. Kati ya stenlesi na aluminiamu tukapaka Tef-Gel, ute wa kutenganisha vyuma hivyo, ili hadithi ya ile ya zamani isijirudie.

Sasa winchi yenyewe. Inavuta kwa utulivu, gia ziko ndani ya oili kwa hiyo haipigi kelele nyingi, klachi unailegeza kwa mkono nanga inashuka kwa uzito wake, na umeme ukikatika kuna wenzo wa kuvutia kwa mkono, polepole lakini inakuja. Nisichokipenda ni kwamba imekaa juu ya deki, kubwa, inakula nafasi ya kutembea omo, na bei: zaidi ya laki mbili na nusu za Kenya kabla ya usafiri na ushuru.

Vijana nimewakataza kuvuta boti kwa winchi. Injini inawaka, tunaisogelea nanga taratibu, winchi inakusanya cheni iliyolegea tu. Tukishatia nanga mzigo unabebwa na kamba ya nailoni yenye ndoano inayoshika cheni, winchi inapumzika. Solenoidi (swichi ya umeme mkubwa wa winchi) ya akiba na seti ya kaboni niliziagiza kwenye kifurushi kile kile, manake dukani hapa hutazipata, na zimekaa kwenye droo chini ya usukani.