Kadi ya nauli ya matatu: pesa zangu zilizama, na sijasahau

Kila nikisikia serikali ikisema abiria wa matatu waache kulipa pesa taslimu, napandwa na mori. Mimi nilitii. Amri ilipotoka kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 nauli ilipwe kwa kadi, nilinunua yangu mapema, nikaisajili kwa kitambulisho, nikaijaza kwa M-Pesa. Tarehe ikasogezwa mbele. Majirani wakasema si unaona, ungengoja. Sikuwasikiza, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na habari za chenji, zile za "utapata mbele" mpaka unashuka bila kitu.

Na ukweli usemwe, ilipofanya kazi niliipenda. Unaigusisha kwenye kimashine cha makanga, yule anayekusanya nauli, kinalia, nauli inakatwa, basi. Hakuna kubishana. Hata noti iliyochanika hairudishwi usoni mwako. Kama ningeandika maoni haya wiki zile za kwanza, ningewaambia wote mkimbilie kadi.

Halafu ikaja jioni ya mvua.

Mnajua Nairobi ikinyesha. Steji imefurika watu, na makanga wanaita "Mia! Mia! Mia!" kwa safari ambayo asubuhi nilikuwa nimeilipia Sh50. Nilimwuliza makanga kabla sijaweka mguu ndani: kadi inafanya kazi? Akasema, "Panda, sista." Nikapanda. Sikuwa na hata shilingi mfukoni, maana ndiyo faida ya kadi tuliyoambiwa: tembea bila pesa, wezi wakukose.

Tulipokwisha kutoka mjini akaja kukusanya. Kimashine kilikuwa kinaning'inia shingoni, kioo kimepasuka na kufungwa kwa selotepu. Nikagusisha kadi. Taa ya kijani ikawaka, na kabla hajakifunika kioo kwa kidole gumba nikaona kwa macho yangu: salio Sh640. Akaniambia haisomi, leta mia. Nikamwambia imesoma, nimeona. Akainua sauti ili gari zima lisikie:

"Kadi ni ya benki. Ukitaka kulipa na kadi, enda upande benki!"

Watu wakacheka. Mpaka leo nasikia kicheko kile. Watu wazima, wenye kadi zao majumbani, wanamcheka mwenzao kwa kufuata sheria! Akagonga bodi ya gari, dereva akaanza kupunguza mwendo, nishushwe palepale gizani. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo niliyekaa naye kiti kimoja, kiondo cha sukuma wiki miguuni. Alifungua fundo la leso yake, akatoa noti ya mia iliyokunjwa ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akamnyooshea. "Shika yako, umwache mtoto wa watu. Mwanangu, huwezi kushuka kwa mvua hii." Nilimwomba namba nimrudishie, akakataa.

Kesho yake nikaenda kwa ofisi ya wenye kadi, kampuni iliyoniuzia. Binti wa mapokezi alikuwa mpole, sina neno naye, lakini jibu lake lilikuwa kwamba wao wanahusika na kadi tu, mashine niwaulize SACCO, chama cha wenye matatu. SACCO nao wakaniambia mashine waliletewa, hawajui zinavyofanya kazi, niwaulize wenye kadi. Sikuwa nimedai chochote kikubwa. Nilitaka mtu mmoja aseme, pole dada, tutazungumza na kijana huyo. Hakuna aliyesema.

Baadaye, sikumbuki ni miezi mingapi, vimashine vikatoweka shingoni mwa makanga kimyakimya. Namba iliyokuwa nyuma ya kadi ikawa haipatikani. Salio langu likaenda na maji. Hata Google, wakishirikiana na Equity, walikuwa wameleta kadi yao ya nauli, BebaPay, mwaka wa 2013, ikafungwa Machi 2015. Yangu ilikuwa nyingine, lakini zote ziligonga ukuta uleule.

Na ukuta huo ndio naomba watu wauelewe, kwa maana nimesikia wengi wakisema Wakenya hatupendi teknolojia. Uongo! Tunatumia M-Pesa tangu 2007, mpaka muuza karanga analipwa kwa simu. Shida ni kwamba kadi ilikuwa inampelekea mwenye gari pesa zote, na nauli imeshawekwa ndani ya mashine. Bila kadi, makanga na dereva wana hesabu, kiasi walichopangiwa, ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila siku. Kinachozidi ni chao. Humohumo watoe ya mafuta, ya vijana wa steji, na ya wale wanaosimamisha gari barabarani. Kwa kadi hakuna kinachozidi, na ile mia ya mvua haipo. Ungekuwa wewe, ungekubali isome?

Ndiyo maana sasa makanga huyohuyo anakutajia namba yake ya simu umtumie nauli bila kinyongo. Pesa inaingia kwake, na bei bado anaitaja yeye. Tumeacha noti, lakini mvua ikinyesha ni mia ileile.

Kwa hiyo ninapofikiri vizuri, kadi yenyewe haikunikosea, na ninaposema hivyo najisikia vibaya kwamba nimeitukana miaka yote hii. Ilikuwa kitu pekee kilichowahi kunitoza bei moja asubuhi na jioni. Ningeirudia hata kesho.

Hapana, nisiseme hivyo. Nikiikumbuka Sh640 moto unarudi. Aliyenihukumu kwenye lile gari ni makanga, lakini aliyekaa na pesa zangu ni mwenye kadi, tena yule alikuwa na ofisi, walinzi na lifti. Wakija tena na kadi nyingine, wanionyeshe kwanza jinsi ninavyoweza kutoa salio langu lote kwa wakala yeyote wa M-Pesa, siku nitakayotaka, bila barua wala foleni. Wakishindwa, nitaendelea kumtumia makanga kwa simu, hata akinitoza mia.